Cheti kimefika, ila hii alama nimeilipia mara mbili

Wiki iliyopita niliweka picha ya cheti changu cha alama ya biashara, nimekishika kwa mikono miwili kama mtoto na ripoti ya shule, inboksi ikajaa hongera. Meseji moja ndo ikanikaa kichwani: "Dada, kwani kusajili alama ni shilingi ngapi? Mi nina biashara ndogo tu." Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili nikaona namdanganya, maana ada yenyewe haikuniumiza hata kidogo. Kilichoniumiza ni ujinga wangu.

Natengeneza sabuni ya maji na mafuta ya nywele. Jina la kwanza lilikuwa na neno "safi" ndani yake, nikaona hapo nimepata, nikasajili jina la biashara nikalala usingizi. Jamani, jina la biashara sio alama ya biashara! Lile linaitambulisha biashara yako tu serikalini, halimzuii mtu kubandika jina hilohilo kwenye chupa yake. Nilikuja kujua siku mteja aliponitumia picha, "mbona siku hizi sabuni yenu nyepesi hivi?" Naangalia chupa, jina langu, maandishi karibu yaleyale, kifuniko chekundu. Mi sijawahi kutumia kifuniko chekundu.

Nikakimbia kwa wakala wa kusajili alama nikiwa na hasira, na ukienda na hasira unalipa chochote. Bidhaa na huduma zote zimegawanywa kwenye madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma, na sehemu nyingi kila daraja unaloongeza lina hela yake. Hilo hakuniambia. Aliniuliza tu "tuweke na haya?" nami naitikia. Daraja la 3 sawa, ndo la sabuni na vipodozi. La 35 la matangazo, haya. La 25 la nguo, eti siku moja nitatoa fulana! Nimelipia nguo ambazo hadi leo sijashona hata moja, na alama usipoitumia kwa miaka kadhaa mfululizo mtu anaweza kuomba ifutwe, kwahiyo hata ingepita ningekuwa nimenunua hewa.

Haikupita. Barua ikaja kutoka ofisi ya usajili kwamba jina linaelezea bidhaa yenyewe, kila muuza sabuni ana haki ya kusema sabuni yake ni safi. Na ada ikishaingia hairudi. Nilikaa jikoni na beseni la maji ya moto nabandua stika kwenye chupa moja moja, gundi inabaki inanata kwenye kucha, nafikiria yule wa kifuniko chekundu.

Jina la pili nikaunganisha herufi za majina ya wanangu, neno lisilo na maana popote. Kabla ya kulipa nikalitafuta kwenye kanzidata ya alama za dunia ya WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu, ni bure, na kwenye daftari la usajili la nchini, jioni mbili nzima. Nikaomba mwenyewe, daraja la 3 peke yake, maneno matupu bila nembo, maana nembo nitaibadilisha nikichoka nayo ila neno halibadiliki. Miezi ya kusubiri siisimulii, ni kusubiri tu.

Ila hili nalisema kwa herufi kubwa: ALAMA IKISHATANGAZWA, MATAPELI NAO WANASOMA. Alama hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na anwani yako iko palepale. Nikapata barua ina muhuri, ina ngao, nilipie kuingizwa kwenye "orodha ya kimataifa", kiasi kinazidi ada zangu zote. Kalamu ilikuwa mkononi, mume wangu ndo akauliza mbona jina la ofisi sio la kwenye risiti. Ukitaka kweli kwenda nje ya nchi kuna mfumo wa Madrid, unaomba nchi nyingi kwa ombi moja, na ada yake ya msingi tu ni faranga 653 za Uswisi kwa alama isiyo na rangi, bado hujalipia hata nchi moja (zile nchi maskini zaidi wanalipa kama sehemu ya kumi hivi). Kwanza uza hapo ulipo.

Kwahiyo mdogo wangu uliyeniandikia, na hiyo "ndogo tu" uiache, anayekuibia jina haulizi biashara yako ina ukubwa gani, ada ulizia ofisi ya usajili yenyewe, utaikuta imeandikwa. Daraja moja, lile unalouza leo. Jina lisiloelezea bidhaa. Tafuta kwanza, lipa baadaye, narudia, tafuta kwanza! Na tenga hela ya kuhuisha, maana sehemu nyingi ulinzi ni miaka 10 halafu unalipa tena.

Yule wa kifuniko chekundu bado anauza kwa lile jina langu la zamani, na siwezi kumfanya kitu. Juzi nimeona kabadilisha stika, nzuri kuliko zilivyokuwa zangu.