Maswali ya wanafunzi wa urubani: ndege nzito, kutua kwa kudunda na mita zisizolingana

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wanaojifunza urubani katika shule ndogo zenye ndege moja au mbili, wengi wao wakiwa Uwanja wa Wilson, Nairobi. Tunajibu tano. Nambari tunazotaja ni za Cessna 152 na 172, ambazo ndizo zinazofundishia wanafunzi wengi. Hata hivyo kitabu cha ndege unayoirusha ndicho cha kufuata, maana hata ndege mbili za jina moja hutofautiana kwa mwaka wa kutengenezwa na aina ya injini.

Nilianzia masomo pwani kwenye Cessna 152, kisha nikahamia Wilson. Ndege ni ya aina ileile, lakini hapa inakimbia kwenye barabara ya kurukia kama imebeba mawe, na injini inatetemeka tukiwa tunasubiri kuruka. Mkufunzi anasema nitazoea. Je, ni kawaida? — Mwanafunzi, Lang'ata

Uzito huo ni wa kweli, maana hewa ya juu na yenye joto ni nyepesi, na unaweza kuupigia hesabu kwa kalamu. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Joto la kawaida baharini huchukuliwa kuwa digrii 15, nalo hupungua digrii 2 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kwa urefu wa Wilson lingekuwa digrii 4. Sasa tuseme ni saa nane mchana na kipimajoto kinasoma 26. Umezidi kwa digrii 22. Kila digrii iliyozidi huongeza takriban futi 120 kwenye urefu ambao ndege inauhisi, kwa hiyo ongeza 2,640. Ndege yako inajihisi iko futi 8,100 na ushee kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Kule pwani, siku ya digrii 31, hesabu hiyohiyo inakupa karibu futi 2,000.

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Injini ya 152 ina nguvu farasi 110. Mchana huo unabaki na themanini na kidogo. Propela nayo inakata hewa nyepesi, na mabawa yanahitaji kasi kubwa zaidi ya kweli ili yabebe uzito uleule. Sindano ya kasi ikisoma noti 50 (noti ni maili ya baharini kwa saa), magurudumu yanakwenda karibu 57. Hapo ndipo wanaotoka pwani hukosea: wanaona ardhi inapita mbio, wanadhani ndege iko tayari, wanavuta usukani mapema. Ndege inainua pua, hewa inaizuia zaidi, honi ya kuonya inalia na kasi haipandi. Fuata sindano, usifuate macho.

Mtetemeko ni habari nyingine, na hapo neno "utazoea" halitoshi. Kwa urefu huo, ukiacha kitasa chekundu cha miksicha (kinachopima petroli inayochanganywa na hewa) kikiwa mbele kabisa, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Plagi zinajaa masizi. Kitabu cha Cessna kinasema wazi kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000 miksicha irekebishwe kabla ya kuruka. Ndege ikiwa imesimama na breki zimeshikwa, peleka throtoli (kitasa cha nguvu ya injini) mbele yote, kisha vuta kitasa chekundu taratibu huku ukiangalia mizunguko ya injini. Itapanda, ifike kilele, ianze kushuka. Kirudishe pale penye kilele. Jaribio hilo lifanywe penye lami safi, kwani changarawe hula ncha za propela.

Kwenye ukaguzi wa magineto (vifaa viwili vinavyozipa plagi umeme wa cheche), ukiwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, upande mmoja usishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya pande mbili isizidi 50. Ukishuka zaidi na injini ikakohoa, mara nyingi ni plagi chafu. Rudisha ufunguo kwenye magineto zote mbili, pandisha injini hadi karibu 2,000, punguza petroli kwa miksicha, ngoja dakika moja, pima tena. Bado inakohoa? Rudi kwa fundi. Hakuna somo linalofaa kuanza hivyo.

Mkumbushe mkufunzi jambo moja zaidi. Orodha nyingi za ukaguzi wa kabla ya kutua husema "miksicha mbele yote". Mstari huo unafaa viwanja vya chini. Ukiutii bila kufikiri hapa Wilson, halafu ikabidi uondoke tena bila kutua, utadai nguvu kutoka kwa injini iliyosongwa na petroli.

Na usisahau mizani. 152 hairuhusiwi kuzidi kilo 757. Chukua ndege tupu ya kilo 520 (tazama karatasi ya ndege yako, kila moja ina yake), petroli kamili yenye uzito wa kilo 67, na watu wawili wa kilo 85 kila mmoja. Umefika 757 kamili, na begi bado liko chini. Mwanafunzi na mkufunzi wenye miili mikubwa hawana budi kupunguza petroli, wapunguze kwa hesabu na wabaki na akiba.

Nina saa 22 na bado natua vibaya. Ndege inaelea, inaelea, halafu inadunda mara mbili tatu. Mwenzangu aliruka peke yake akiwa na saa 13. Nifikirie kuacha? — Aliyekata tamaa, Nairobi

Dada au kaka, usiache. Kuelea na kudunda ni makosa mawili tofauti, na yote mawili yana dawa.

Kuelea ni kasi. Ukija na noti 70 mahali pa 60 unaona umezidisha 10 tu, lakini nishati ya mwendo hufuata kasi mara kasi: umebeba asilimia 36 zaidi, na ndege haitakaa chini mpaka iimalize. Waoga wengi huongeza kasi "kwa usalama", kisha wanashangaa barabara inaisha. Chunguza pia trimu, yaani kirekebishi kinachoondoa mzigo wa usukani mkononi. Kama mkono wako unasukuma au kuvuta muda wote ukiwa unashuka, trimu haijakaa sawa, na kasi itacheza kila ukitazama pembeni. Ukishaweka flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) na nguvu ya kushukia, zungusha gurudumu la trimu mpaka uweze kushika usukani kwa vidole viwili.

Kudunda kwa kawaida ni macho. Mwanafunzi hutazama lami iliyo mbele ya pua, inamjia mbio, anashtuka na kuvuta. Ndege inapanda futi chache, kasi inakufa, inaanguka. Unapoanza kulaza ndege, peleka macho mwisho wa barabara ya kurukia na uyaache huko. Kingo za barabara zitakuambia zenyewe umebakiza urefu gani. Vuta kidogokidogo kadiri ndege inavyotaka kuzama, lengo likiwa magurudumu mawili ya nyuma yaguse kwanza na la pua likae hewani mpaka lishuke lenyewe.

Lililo la hatari ni kile mtu anachofanya baada ya kudunda. Mkono unataka kusukuma usukani mbele ili "kuishusha". Usisukume. Ndege ikigonga kwa gurudumu la pua hurushwa juu zaidi, na mdundo wa pili au wa tatu ndio unaopinda mguu wa pua, kugongesha propela na kukunja ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Mdundo mdogo, shikilia pua palepale na uiache itulie. Mdundo mkubwa, ondoka: throtoli mbele yote, sukuma ndani kitasa cha joto la kabureta, punguza flapu hadi digrii 20, laza pua usawa wa upeo mpaka kasi irudi, ndipo upande. Kwa hewa ya Wilson kupanda kutakuwa kwa taratibu mno. Usiilazimishe kwa kuinua pua.

Mwombe mkufunzi somo moja la kuruka chini kwa chini juu ya barabara, futi kama tano, bila kugusa, yeye akishika throtoli na wewe ukishika usukani. Wengi hupata picha ya kutua katika nusu saa hiyo, baada ya kuitafuta kwa wiki kadhaa.

Kuhusu mwenzako, leseni haina mahali pa kuandika uliruka peke yako ukiwa na saa ngapi. Kiwango cha kimataifa cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 kwenye kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake kuna saa 10 za kuruka peke yako, na 5 kati ya hizo ziwe za safari, ikiwemo moja ya kilomita 270 au zaidi yenye kutua na kusimama kwenye viwanja viwili tofauti. Wengi huvuka saa hizo kabla ya mtihani. Kinachochelewesha watu ni mapengo kati ya somo na somo kuliko kipaji. Anayeruka mara tatu kwa wiki humpita anayeruka mara moja, hata kama huyo wa pili ana mikono mizuri zaidi.

Nikibonyeza kitufe cha redio, kichwa kinakuwa kitupu. Wilson ina ndege nyingi na waongozaji wanaongea haraka. — Msikilizaji

Kila ujumbe wa kwanza una vitu vinne kwa mpangilio: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Viandike kwenye karatasi ya pajani kabla ya kuwasha injini, na useme kwamba wewe ni mwanafunzi. Waongozaji hupunguza mwendo wakijua. Kwenye majibu, yapo ambayo lazima uyarudie neno kwa neno: barabara ya kurukia uliyopewa, ruhusa ya kuiingia, kuivuka, kuruka au kutua, amri ya kusimama kabla ya barabara, njia, urefu, mwelekeo na kasi ulizopewa, kipimo cha mgandamizo wa hewa na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada). Mengine unaweza kuyakubali kwa kifupi. Usiposikia, "say again" ni maneno mawili tu. Kosa baya zaidi ni kurudia kitu ambacho hukukielewa.

Mazoezi yafanyie nyumbani. Chora barabara ya kurukia sakafuni kwa chaki, andika 14 upande mmoja na 32 upande wa pili, kisha tembea mzunguko mzima ukitamka kila ujumbe kwa sauti mahali pake. Jirani watacheka siku mbili, basi.

Mwanangu yuko shule yenye ndege moja. Wanataka tulipe saa zote 40 mapema ili tupate punguzo. Tena saa zilizo kwenye risiti hazilingani na zile za kitabu chake. Tunaibiwa? — Mzazi, Machakos

Mzazi wetu, tuanze na mita. Ndani ya ndege kunaweza kuwa na mbili. Hobbs huhesabu saa halisi, kwa kawaida tangu injini inapowaka. Takomita huhesabu kwa mizunguko ya injini, kwa hiyo ndege ikitambaa chini hutembea polepole kuliko saa ya ukutani. Na kitabu cha mwanafunzi huandikwa tangu ndege inapoanza kusogea ili iruke hadi inaposimama. Vipimo vitatu haviwezi kufanana, na kutofautiana peke yake si ushahidi wa wizi. La kuuliza ni bei ya saa inahesabiwa kwa mita ipi. Kama ni Hobbs, na mwanao anasubiri foleni robo saa kila somo injini ikiunguruma, kwa masomo 40 mmelipia saa 10 za kukaa chini. Mwambie apige picha mita kabla na baada ya kila somo.

Malipo ya mapema ya saa zote hatuyapendekezi, punguzo liwe zuri kiasi gani. Lipeni kwa mafungu ya saa 5 au 10, na masharti ya kurudishiwa fedha yawe kwenye maandishi. Ndege ya kufundishia huingia kwa fundi kila saa 50 na ukaguzi mkubwa zaidi kila saa 100. Ikiruka saa 5 kwa siku, saa 100 huisha kwa siku 20. Ndege ikiwa moja, shule yote inasimama, na kipuri kikikosekana inasimama kwa wiki. Ulizeni zimebaki saa ngapi kufikia ukaguzi ujao, na mwanao apange mitihani ya nadharia iangukie kipindi hicho. Hakikisheni pia shule ina kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kinachotaja kozi anayosoma. Na kabla ya shilingi nyingine kutoka, apimwe afya na daktari wa usafiri wa anga: daraja la 2 kwa rubani binafsi, daraja la 1 kama anataka kuajiriwa. Kuna wanaogundua tatizo la macho wakiwa wameshalipia nusu ya kozi.

Kwa nini tunamwaga mafuta kwenye kikombe kila asubuhi, wakati jana jioni tangi lilijazwa? — Mwanafunzi, Kitengela

Kwa sababu mvua ya usiku hupenya kwenye kifuniko kilichochakaa, na kwenye tangi lisilojaa unyevu hugeuka matone. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini kabisa, palepale injini inapovutia. Cessna 172 ya miaka ya karibuni, aina ya S, ina sehemu 13 za kumwagia. Zimwage zote.

Inua kikombe juu ya kitu cheupe. Petroli ya ndege hizi, 100LL, ni ya buluu, na maji yataonekana kama shanga chini yake. Mtego ni kikombe kilichojaa maji matupu. Hakina mstari wala shanga, kinang'aa vizuri, na mwenye haraka husema ni safi. Kwa hiyo tafuta rangi ya buluu kwanza, kisha nusa. Kikinuka mafuta ya taa, kuna mtu ameweka mafuta ya jeti, na ndege hiyo isiwashwe kabisa. Ukiona maji, mwaga mpaka yaishe, tikisa mabawa, ngoja dakika chache, mwaga tena. Yakirudi, mwite fundi na ufunguo ubaki mfukoni mwako.