Oili ya kijiko kuchemka, cheki valvu kwanza

Ngosha, umesema kijiko (mashine ya kuchimba) hapo Igoma asubuhi kinapiga kazi fresh, ikifika mchana oili ya haidroliki, ile inayosukuma mkono, inachemka na mkono unakuwa mzito, fundi kakwambia ununue rejeta mpya ya oili. Tulia kwanza. Mashine nyingi pale kwenye rejeta zina valvu ya baipasi, oili ikiwa ya baridi na nzito inapitishwa pembeni isipasue rejeta, sasa ikikwama wazi ndo oili inarudi tankini bila kupoa. Ukikuta tanki la moto rejeta imepoa, mchawi ni hiyo valvu ya baipasi. Zote za moto? Toa vumbi kwenye mapezi ya rejeta, halafu pima valvu ya rilifu, ile inayoachia presha ikizidi, kwa geji, maana ikivujisha, presha inayopotea hapo inageuka joto tu. Usiikaze kwa kubahatisha, utapasua hosi.