Faili la .txt na Macintosh ya zamani: acha kubadilisha jina

Msomaji mmoja ameniandikia juzi: "Kaka, nimeweka Mini vMac kwenye laptop nikaingiza mashairi yangu ya .txt. Nikiyabonyeza mara mbili naambiwa programu yake haionekani. Nimebadilisha majina mpaka nimechoka." Pole, mdogo wangu. (Mini vMac ni programu inayoiga Macintosh, kompyuta ya Apple ya zamani, ndani ya kompyuta ya leo.) Hapo nimepita.

Mimi nilipata Macintosh Classic, ile iliyotoka 1990 yenye kioo cha inchi 9 cha rangi nyeusi na nyeupe, kwa watu waliokuwa wanahama ofisi. Fundi niliyempelekea alicheka mbele ya wateja, akasema niifanye stuli. Sijasahau. Habari za kusafisha saketi na kusaka flopi nawarukisha.

Ilipowaka, nikakutana na ukuta huohuo wako. Jina la faili pale halina kazi. Macintosh za enzi hizo, tangu ya kwanza ya 1984, zililibandika kila faili alama mbili za herufi nne nne: moja ya aina ya faili, nyingine ya programu inayolimiliki. Maandishi matupu ni TEXT. Mwenye nayo, kama ni TeachText (programu ndogo ya Apple ya kusoma na kuandika maandishi), alama yake ni ttxt. Faili lililotoka kwenye DOS (mfumo wa PC za zamani) au laptop yako haliji na alama hizo, kwa hiyo Finder, programu ya Macintosh inayoonyesha na kufungua mafaili, haijui ilikabidhi kwa nani. Liite .txt, liite jina la bibi yako, ni yaleyale. Hata ukitangulia kufungua TeachText, kwenye orodha yake hulioni.

Dawa ni ResEdit, programu ya Apple ya kuhariri taarifa za ndani za faili. Fungua taarifa za faili, andika TEXT kwa herufi kubwa na ttxt kwa herufi ndogo, hifadhi. Usiku ule barua yangu ilipojaa kwenye kioo nilimpigia simu yule fundi. Hakupokea.

Vijana, mnakata tamaa upesi! Mashine haikuchukii, inakutaka usome. Soma. Halafu soma tena, maana likifunguka bado kuna kazi. TeachText haipokei faili linalozidi kilobaiti 32, hivyo utenzi mrefu ukatekate. Mistari nayo: Macintosh ya enzi hizo humaliza mstari kwa alama isiyoonekana namba 13, Unix (mfumo mwingine wa kompyuta) kwa namba 10, DOS kwa zote mbili. Ukiona vibox mwanzoni mwa kila mstari, faili lina harufu ya DOS. Mistari yote ikiungana, limetoka Unix. BBEdit Lite, programu ya kuhariri maandishi, hugeuza, na ilikuwa ya bure.

Kiswahili kina bahati, hakina vialama juu ya irabu. Kinachotuumbua ni kile kikoma cha ng'ombe. Laptop za leo hukipinda na kukihifadhi kwa UTF-8, utaratibu wa leo wa kuhifadhi herufi ambao Macintosh ile haiujui, na kwenye Macintosh utasoma ng‚Äôombe. Kinyooshe kabla hujahamisha faili, hasa wewe wa mashairi.