Tatu yetu, tatuu ya ngozini na tatu wa Brazil

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mchoraji wa tatuu hapa Mombasa. Kuna video inazunguka kwenye simu, inasema neno "tatuu" Wazungu walilichukua kwetu: wazee walikuwa wakichanja chale tatu tatu, ndipo likapatikana jina. Ushahidi wa pili wanasema uko Brazil, ambako kuna mnyama anaitwa tatu, ana mikanda mitatu mgongoni, na jina alipewa na watumwa waliotoka Angola. Nataka kuyaandika haya kwenye ukuta wa kibanda changu, rangi nimeshanunua. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Rangi iache kwenye kopo kwanza. Hayo ni maneno matatu yasiyojuana kabisa, yamegongana kwa sauti tu.

La ngozini lilitoka Bahari ya Pasifiki. Watu wa Tahiti na Samoa husema tatau, na ndani yake mna tā, yaani kupiga. Ukimwona fundi wa Kisamoa kazini utaelewa mara moja: ana kitana cha mfupa au jino la nguruwe, anakichovya kwenye masizi, anakiweka juu ya ngozi na kukigonga kwa kijiti, ta-ta-ta. James Cook na wenzake walifika Tahiti mwaka 1769, wakaliandika neno hilo kwenye kumbukumbu zao, na mabaharia wakalisambaza bandarini kote. Na Watahiti wakihesabu, tatu kwao ni toru. Kama tatau ingekuwa na uhusiano na idadi, wao ndio wangekuwa wa kwanza kujua.

Wewe ni wa fani hiyo, kwa hiyo pokea na hili: Waingereza wana tattoo nyingine, inaandikwa herufi kwa herufi sawa na ile ya ngozini, nayo ni ngoma ya jioni ya kuwarudisha askari kambini. Hiyo ilitoka Kiholanzi katika karne ya 17, taptoe, maana yake fungeni bomba la pipa la pombe. Lugha moja, tahajia moja, asili mbili zilizo mbali kama Uholanzi na Tahiti.

Sasa Brazil, ambako ndiko wengi wananaswa. Mnyama yupo kweli. Ana magamba magumu kama kakakuona wetu, ingawa hawana undugu. Tena yuko mmoja, tatu-bola, mwenye mikanda mitatu hasa, anayejikunja akawa kama mpira. Ndiye aliyekuwa kinyago cha Kombe la Dunia la 2014. Mikanda mitatu, jina tatu, na Kikimbundu cha Angola nacho kinahesabu moxi, yadi, tatu! Ukiishia hapo utaapa kwamba umegundua jambo.

Usiishie hapo. Tatu ni jina la jamii nzima ya wanyama hao. Tatu-peba ana mikanda sita. Tatu-galinha huwa na tisa hivi. Hao nao walipewa jina na nani, aliyeshindwa kuhesabu? Neno ni la Kitupi, lugha ya wenyeji wa pwani ya Brazil, na ndugu zao Waguarani wanalo hilohilo. Mfaransa Jean de Léry alikaa na Watupinamba, wasemaji wa lugha hiyo, mwaka 1557, na kumbukumbu alizochapisha 1578 zinamtaja mnyama huyo kwa jina lake, kwa kinywa cha wenyeji wenyewe.

Kinachonikera si wewe kuuliza. Ni hawa wanaojiita watafiti wa asili ya maneno, ambao kazi yao yote ni kufungua kamusi mbili, kutafuta yanayofanana, na kupiga kelele. Kufanana si ushahidi. Nitarudia hata mara mia: kufanana si ushahidi. Chukua lugha yenye konsonanti 15 na irabu tano kama zetu. Silabi za konsonanti na irabu ni 75, na maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 5,625 tu. Lugha duniani zinakaribia 7,000, kila moja ina maelfu ya maneno, na t na a ni sauti zinazopatikana karibu kila mahali. Zisipokutana kwenye "tatu" ndipo tushangae. Bi Tatu ni jina la mwanamke huku pwani. Finland Tatu ni jina la mwanamume.

"Lakini maana zikifanana pia?" Bado. Kitagalog cha Ufilipino kina tatlo, na maana yake ni tatu. Nimeletewa tatlo hiyo mara nyingi, mtu anang'aa macho. Ukiifumua, unakuta mzizi ni telu, uleule wa telo ya Madagaska, na ta- ya mbele ni silabi iliyorudufishwa. Kumbe tulichokuwa tukikilinganisha na tatu yetu ni kiraka.

Undugu wa kweli mara nyingi haufanani hata kidogo. Watswana wa Botswana, tatu kwao ni raro. Nani angedhani? Ila tuma kwao ni roma, na mti ni more, neno wanalolitumia hata kwa dawa. Umeona? Penye t yetu wao wana r, na si mara moja. Huo mpangilio unaojirudia ndio ushahidi. Ndio unaotuonyesha kwamba tatu yetu, ya Kikongo, thathu ya Wazulu na raro ya Watswana ni watoto wa mama mmoja wa Kibantu, na ukienda mbali zaidi unakuta ẹta ya Kiyoruba.

Na mkopo nao una alama zake. Sita, saba na tisa tulizipata kwa Waarabu, na njia ya biashara iliyozileta inajulikana. Angola nayo ilipeleka maneno Brazil kwelikweli: caçula, kitinda mimba, kutoka kasule, moleque, mtoto wa kiume, kutoka muleke, quitanda, genge la mboga, kutoka kitanda, ambayo kwa Kikimbundu ni soko. Watu waliovuka bahari wakiwa kwenye minyororo waliacha urithi huo kwenye vinywa vya Wabrazili. Anayewabandikia mnyama wasiyempa jina, huku hizo hazijui, hawaheshimu. Na Watupi anawanyang'anya neno lao.

Mazoea haya yanaenda mbali kuliko ukuta wako. Nimesoma tasnifu ya mwanafunzi iliyojengwa juu ya orodha ya namna hii. Ilibidi aanze upya, na ada alikwishalipa. Nimekaa na wazee walioambiwa na mgeni fulani, kwa malipo, kwamba ukoo wao umetoka Misri, kwa sababu majina machache yanalingana na ya mafarao. Walifurahi sana, na simulizi zao wenyewe za walikotoka wakaacha kuwasimulia wajukuu. Hata ndani ya Kiswahili wanavuruga: yupo aliyewafundisha watoto kwamba tatua ni kugawa mara tatu. Tatua ni kinyume cha tata, kama fungua na funga. Mtoto anayesuka nywele anaijua maana hiyo vizuri kuliko mwalimu wake. Mtu akikuletea asili ya neno, muulize: nani alilibeba, lini, kupitia wapi, na ni sauti zipi nyingine zimefuata mkondo huohuo? Akikujibu kwa kukusomea tena maneno mawili yanayofanana, ondoka.

Kibanda chako hakihitaji uzushi. Tunalo neno letu la kazi hiyo, nembo. Leo wengi wanadhani ni ya serikali na makampuni tu, lakini nembo ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, na Wamakonde mpaka sasa huziita zao dinembo. Andika "Nembo" kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, "chale na tatuu".