Piga Hodi Kwanza, Ndo Uingie /etc

Wiki hii maswali karibu yote ya namna moja, seva za watu zimevurugwa na skripti za kusetapu, zinaingia /etc (folda ya mipangilio ya Linux) bila kupiga hodi. Nimechukua manne.

Kaka, mie niko Wete, seva ya ofisi iko mjini Unguja. Nimerani skripti ikaandika upya sshd_config, faili la mipangilio ya sshd, programu ya kuingilia seva kwa mbali, poti yetu tuliobadilisha imerudi 22 na firewoli imefungua ile yetu tu. Siingii tena!

Pole mdogo wangu. Kwa sasa hakuna ujanja, ama aliyeko mjini akae mbele ya mashine na kibodi ama upande boti. Lakini kosa si lako, skripti ndo haina adabu, imekuta faili limeshaguswa na mwenyewe ikaliandika juu bila kuuliza. Tokea Debian 11 na Ubuntu 20.04 ipo folda /etc/ssh/sshd_config.d/, ingeweka kifaili chake humo kinachoishia .conf basi, lako likabaki kama lilivyo. Ila ujue sshd hushika thamani ya kwanza iliyokutana nayo, na mstari wa Include uko juu, kwa hiyo kilichomo kwenye folda kinalishinda faili kubwa, na kifaili ambacho jina lake linaanzia 10 kinakishinda cha 50, maana kinasomwa mwanzo. Port ndo haifuati hivyo, hiyo hujumlishwa, yaani skripti ingeandika 22 kwenye kifaili chake sshd ingesikiliza zote mbili na weye usingekuwa na haja ya boti. Siku nyengine kabla ya kuristati piga `sshd -t` ikukagulie faili kama lina kosa, na dirisha uliloingilia usilifunge mpaka umejaribu kuingia kwa jengine.

Apt (ile ya kuinstoli na kuapdeti pakeji) ikiniuliza Y, N, D juu ya faili la mipangilio mie hubonyeza Y nimalize. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa! Y ni kusema tupa langu weka lenu. Kwani unadhani inauliza kila siku? Inauliza pale tu ambapo weye umelibadilisha faili na wenye pakeji nao wamelibadilisha. Bonyeza D uone tofauti, halafu N, ambayo ndo chaguo lake hata ukipiga Enta tu, na faili jipya utaliona pembeni na mkia wa .dpkg-dist. Kwa zile Y ulizokwishabonyeza, tafuta .dpkg-old huenda mambo yako yamo. Sheria za Debian zenyewe zinataka mabadiliko ya mwenye seva yasipotee pakeji ikiapdetiwa, sasa skripti ya mtu aliyoiokota mtandaoni haiijui sheria hiyo, ndo tofauti yake.

Nasetapu seva za hoteli za Nungwi kwa Ansible, chombo cha kusetapu seva nyingi kwa mpigo. Kila hoteli fundi wake ana mambo yake, na mie nikipita nayafuta. Wananichukia.

Wana haki bwana, hebu jiweke weye. Template, moduli ya Ansible inayoandika faili zima, itumie faili likiwa lako lote, mwanzo mpaka mwisho. Likiwa la kushirikiana, kwanza tafuta folda ya conf.d, ya vifaili vya nyongeza kama ile ya sshd, ikikosekana ndo blockinfile, moduli ya kupachika kipande, maana inazungushia mistari yako alama za BEGIN na END na fundi anajua hapa pa fulani nisipaguse. Ukiitumia mara mbili kwenye faili moja badilisha alama, ama kipande cha pili kitakila cha kwanza, mie yashanikuta hayo nikakaa usiku mzima natafuta mchawi. Lineinfile, ya kubadili mstari mmoja, siipendi, regeksi (alama za kutafutia mstari) ikiteleza kidogo unapachika mstari pasipo pake. Weka `backup: yes` ibaki nakala ya zamani, na uanze na `--check --diff` inayoonyesha tofauti bila kubadili kitu, mtumie fundi matokeo ayaone kabla hujagusa kitu. Hiyo ndo hodi yenyewe.

Etckeeper inafaa?

Inafaa, iinstoli leo. Inaigeuza /etc kuwa ya git, inayotunza historia ya mabadiliko, na inakomiti yenyewe kabla na baada ya apt, ukivurugiwa unaona nani kabadili nini. Ila usiipushi pahala pa wazi, mna shadow mle, faili la hashi za nywila za watumiaji.