Manjano hayatoshi kumkinga mtoto na risasi ya betri

Dada wa Majengo, Moshi, umeuliza kama maziwa ya manjano yatamkinga mwanao, maana baba yake anafungua betri za magari hapo uani. Kweli, kurkumini, kiambato kilichomo kwenye manjano, imepunguza madhara ya risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri, kwenye ubongo wa panya wa maabara. Ila mwilini hufyonzwa kidogo mno. Na Bangladesh manjano yenyewe yalikuwa yanatiwa rangi yenye risasi ili yang'ae! Mizizi mikavu ndiyo iliyokuwa inapakwa, kwa hiyo nunua mibichi, twanga mwenyewe.

Betri zihame nyumbani leo. Shemeji avue ovaroli na aoge kabla hajambeba mtoto. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu. Kisha nenda hospitali, uliza kipimo cha risasi kwenye damu. Dagaa na maharage mpe kila siku, tumbo tupu hufyonza risasi zaidi.