Paa linavuja, fundi anadai salio lake: nishike pesa yote?

SWALI

Salaam aleikum, Mzee. Nyumba ya marehemu baba hapa Arua, Uganda, ilikuwa imechakaa, ndugu zangu wakaniachia mimi kuisimamia. Desemba nilipatana na fundi anayejulikana mtaani kwetu: aezue mabati ya zamani aweke mapya, aunganishe baraza la mbele, apige lipu vyumba viwili, aweke vigae bafuni na mlango mpya wa jikoni. Kazi pamoja na vifaa, shilingi 6,400,000. Karatasi hatukuandikiana. Tulikubaliana kwa WhatsApp, na pesa nilikuwa namtumia kwa simu, jumla 4,800,000. Februari akaniambia kazi imekwisha, nikamwomba anivumilie kwa salio la 1,600,000. Aprili mvua zikaanza. Maji yanaingia pale baraza linapokutana na nyumba kubwa, ukuta wa sebule umelowa. Vigae kadhaa vya bafuni vinalia utupu ukivigonga, mlango wa jikoni haufungi, lipu ina nyufa nyembamba. Tena alichelewa wiki tatu. Nimemwambia silipi. Yeye anasema mfanyakazi hulipwa kabla jasho lake halijakauka, na nisipolipa atakuja na vijana wake wang'oe mabati, au atanipeleka polisi. Kaka zangu wanasema nisimpe hata shilingi moja. Nifanyeje?

Mwenye nyumba, Arua

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu. Nimesimamia majengo West Nile na Kampala kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na hakuna ugomvi nilioitwa kuusuluhisha mara nyingi kama huu wa salio la mwisho. Usimlipe yote leo. Lakini ushauri wa kaka zako pia usiufuate, utakuharibia haki uliyo nayo. Shika pesa inayotosha kurekebisha kasoro, iliyobaki mpe, na umpe haraka.

Nianze na paa. Kwenu kiangazi hukaa Desemba hadi Machi. Paa likiezekwa Januari, hakuna anayejua kama ni zima mpaka mvua ilinyeshee, hata fundi mwenyewe hajui. Kwa hiyo asikuambie kwamba ulinyamaza tangu Februari. Ulisema pale maji yalipoingia, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa utafute yanapoingilia. Chagua siku kavu, kijana mmoja awe juu na mpira wa maji au majerikeni, mwingine awe ndani na tochi. Mwage maji mkianzia chini ya mteremko, mpande kidogo kidogo. Mkianzia juu, maji yatateremka yatapakaa kote na hamtajua tundu liko wapi. Kwenye maungio ya baraza na ukuta, mara nyingi nimekuta mambo matatu. La kwanza, hakuna bati la kukinga lililochimbiwa ukutani; fundi amepaka simenti tu, na bati likitanuka kwa jua na kusinyaa usiku, simenti hiyo hupasuka. La pili, misumari imepigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, au mipira yake imechanika. Hayo mawili ni kazi ya siku moja, mbili ikizidi. La tatu ndilo baya: baraza limelazwa mno, mteremko hautoshi, na maji yanarudi nyuma chini ya bati. Hapo lazima mbao zinyanyuliwe, na gharama inapanda sana. Ndiyo maana nakuomba ujue chanzo kabla hujataja kiasi chochote.

Vigae vinavyolia utupu viko juu ya udongo wa simenti usioshika, vitang'oka au kupasuka; hivyo vihesabu. Mlango pia uhesabu. Nyufa za lipu ziache. Kama ni nyembamba kama unywele na zimetapakaa ovyo, lipu ilikauka upesi kwa jua la Januari, labda haikumwagiliwa maji siku za kutosha. Mpiga rangi atazijaza. Ungeniambia kuna ufa mpana unaoteremka kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ningesema mengine, kwa maana huo unaanzia kwenye ukuta wenyewe au msingi.

Kuhusu kuchelewa wiki tatu, dada, nitakuambia bila kuficha. Hukusema kama mlipatana tarehe. Na yeye amekungoja kwa salio tangu Februari bila kukusumbua. Hilo lisamehe, lisiingie kwenye hesabu.

Ukishajua kasoro, waite mafundi wengine wawili, kila mmoja kwa wakati wake, akuandikie bei ya kurekebisha. Wasiwe shemeji zako. Tuseme bei ya kati inakuja hivi: maungio ya paa 280,000, vigae 150,000, mlango 30,000. Jumla 460,000. Basi unashika 460,000 na unamlipa 1,140,000 sasa.

Kwa nini nasema hivyo? Mahakama zetu hufuata sheria ya mazoea ya mahakama (common law) tuliyorithi kwa Waingereza, na hukumu zao kuhusu jambo hili bado zinaangaliwa. Mwaka 1952 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Hoenig na Isaacs. Hoenig alipamba na kuwekea samani nyumba ya Isaacs kwa pauni 750. Mlango wa kabati ulikuwa mbovu, rafu ya vitabu fupi, na Isaacs akakataa kulipa salio. Kurekebisha kulikadiriwa pauni 55 na kitu. Mahakama ilimwamuru alipe salio, apunguze hizo 55. Mwaka 1972 ikaja kesi ya Bolton na Mahadeva: fundi aliweka mitambo ya kupasha nyumba joto kwa pauni 560, nyumba haikupata joto la kutosha na moshi ukawa unaingia vyumbani. Kurekebisha kulihitaji pauni 174. Huyo fundi hakupewa kitu, kwa sababu kazi aliyoitiwa hasa haikufanyika. Wewe uko upande wa kesi ya kwanza. Nyumba imeezekwa, lipu ipo, bafu lipo. Ukishika 1,600,000 kwa kasoro ya 460,000, ni wewe utakayeonekana mdaiwa.

Msihangaike kwamba hakuna karatasi. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe kwa maandishi, lakini sheria hiyohiyo inahesabu ujumbe wa simu unaoweza kusomwa tena baadaye kuwa maandishi. WhatsApp yenu ni mkataba. Usifute chochote, na ukibadilisha simu hakikisha mazungumzo yamehifadhiwa. Ujumbe wa kila pesa uliyotuma, uhifadhi pia.

Vitisho sasa. Mabati yakishapigiliwa kwenye nyumba, ni sehemu ya nyumba. Fundi anadai pesa, hadai mabati. Akija kuyang'oa ameingia kwa watu bila ruhusa na ameharibu mali, na hapo polisi watakuwa na kazi, dhidi yake. Deni lenyewe ni jambo la madai. Polisi hawana mamlaka ya kukukamata ili ulipe salio la fundi. Akitaka kukushtaki, mlango uko wazi: mahakama ya LC 1, yaani ya halmashauri ya kijiji, husikiliza madeni na mikataba isiyozidi shilingi 2,000,000, na kwa hakimu kuna utaratibu wa madai madogo, hadi shilingi 10,000,000, bila mawakili. Hata wewe unaweza kumtangulia kwa mwenyekiti wa LC 1. Ningependa hivyo. Mwenyekiti atakuja kuona ukuta uliolowa kwa macho yake, na mtazungumza kwa lugha mnayoijua nyote.

Kuhusu jasho. Maneno hayo ya Mtume ni mazito, na fundi wako hakukosea kuyataja. Fikiria nani yuko nyuma yake: vijana waliobeba simenti na kuchanganya lipu, ambao huenda bado wanamdai. Wao hawakupiga msumari hata mmoja juu ya baraza. Ukishika salio lote, njaa inawafikia wao kwanza. Nimeona vibarua wakirudi kijijini mikono mitupu kwa ugomvi wa mtu mwenye nyumba na mtu mwenye kandarasi, na sijawahi kulizoea jambo hilo. Hizo 1,140,000 zina jasho lao, zitoe.

Zile 460,000 ni za kazi ambayo bado haijaisha. Kabla hujamwita fundi mwingine, mpe huyu nafasi ya kuja kurekebisha kwa mkono wake. Ni haki yake, na kwako ni nafuu. Mwandikie hivi kwa WhatsApp, pamoja na picha ulizopiga mvua ikinyesha:

“Fundi, salaam. Kazi kubwa umeifanya nami nakushukuru. Leo nimekutumia 1,140,000. Nimebakiza 460,000 kwa mambo matatu: maji yanaingia kwenye maungio ya baraza, vigae bafuni vimeachia, mlango wa jikoni haufungi. Picha ni hizi. Ukija kurekebisha ndani ya siku 14 na tukajaribu paa kwa maji likawa zima, nakupa 460,000 siku hiyohiyo. Usipokuja nitamwita fundi mwingine na gharama itatoka humo.”

Akifika, usimkaripie mbele ya vijana wake. Mwambie mwenyekiti au jirani mmoja awepo mnapojaribu paa, na mkimaliza muandikiane kwamba hakuna anayemdai mwenzake.

Siku 14 zikipita kimya, mpe kazi fundi wa pili, chukua risiti za mbao, misumari na kila ulichonunua, na ujira wake nao uandikwe. Kama yote yatagharimu 390,000, basi 70,000 zilizobaki ni za yule wa kwanza. Mtumie, pamoja na picha za risiti.